Nilivyofunika bwawa la kuogelea kama rubisi, Karagwe miaka ya tisini

Wakuu, salaam kwenu nyote. Ninayosimulia yalinipata mwenyewe, sijatia chumvi. Chumvi haikuhitajika, klorini ilitosha.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kibarua wa bustani kwa daktari mmoja mgeni, nje kidogo ya Kayanga. Tulimwita Mama Daktari.

Nyuma ya nyumba alikuwa na bwawa dogo la kuogelea. Masika lilikuwa linalala, kiangazi linafunguliwa kwa ajili ya wanawe wanaokuja likizo.

Mtunzaji wake, Mzee Bitegeko, alikuwa anastaafu kurudi Bweranyange kwenye kahawa yake. Akaniambia:

"Deo mwanangu, wanafika Jumamosi. Ukilifungua bwawa vizuri, kazi ni yako. Ukishindwa, analetwa fundi kutoka Bukoba."

Nilikuwa nimeoa mwezi uliopita. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Jumatatu nikaanza. Maji yalikuwa ya kijani, vyura wanaimba kwaya humo ndani. Nikaopoa majani kwa wavu, nikasugua kuta kwa brashi ngumu, nikawasha pampu maji yapite kwenye chujio la mchanga.

(Kwa ambaye hajawahi: unga wa klorini unautia kwenye ndoo yenye maji, kamwe usimwagie maji juu ya unga. Na usiinamie ndoo, ile harufu haina urafiki.)

Jumatano jioni nikatia klorini. Mzee akasema, "Tunatia jioni kwa sababu jua huila."

Mimi nikajiongeza. Kama jua linaila, si nifunike?

Nyumbani kwetu juisi ya ndizi ikishaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, tunaifunika kwa majani ya migomba mpaka iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi. Basi alfajiri nikakata majani mabichi mzigo mzima, nikalifunika bwawa lote. Nikajisifu moyoni.

Alhamisi jioni nikafunua. Wakuu, maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi!

Mnajua utomvu wa mgomba unavyoharibu shati. Sasa ulikuwa umeingia bwawani, na klorini yote imeishia kupigana na majani.

Jirani yetu Ma Koku, mpika rubisi maarufu, akachungulia juu ya ua.

"Waitu Deo! Rubisi ya wazungu inaiva lini? Nilete kibuyu?"

"Ma Koku, niache, nafukuzwa kazi mimi."

"Hufukuzwi. Kwanza toa hayo majani, pombe haiivi ukilia."

Nikamfuata Mzee, nikamwamkia shikamoo, nikakiri kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akavua viatu tukaopoa pamoja. Tukatia klorini upya jioni ile, bwawa likabaki wazi, pampu ikaunguruma kutwa nzima ya Ijumaa.

Jumamosi asubuhi tukapima klorini kwa kichupa cha matone: maji ya kichupani yakawa njano safi, kipimo kinachotakiwa. Lakini Mzee alikuwa na mtihani wake. Akachukua uma wa jikoni, akautupa upande wenye kina.

"Hesabu meno."

Mama Daktari amesimama pale. Ma Koku anachungulia tena juu ya ua. Nikajibu haraka, "Manne!"

"Matatu," akasema Ma Koku kutoka kule kwake. "Moja limevunjika. Huoni?"

Nikainama. Kweli, matatu. Nilikuwa nimejibu kwa mazoea, sikutazama.

Mzee akamgeukia Mama Daktari. "Kama jirani anaona jino lililovunjika kutoka uani, maji yamefika. Macho ya Deo yatafika taratibu."

Kazi ile niliifanya miaka saba.

Nilichojifunza: ukipewa sababu nusu, uliza nusu iliyobaki kabla hujakata migomba. Na ukikosea, sema mapema, wapo watakaovua viatu wakusaidie.

Haya, nani mwingine hapa alishawahi kujiongeza kazini hadi jirani akataka kuleta kibuyu? Karibuni tucheke pamoja.