Mkono Ulionyamaza

Mtaani walimwita Mkono. Alikuwa fundi cherehani wa nguo za watoto wachanga, na mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa ukiamua kitambaa kipi kishonwe na kipi kirudishwe kwa muuzaji.

Katika safari zangu nimekutana na watu wanaokula kwa ulimi kwa sababu ni waonja chai, na wengine wanaokula kwa pua kwa sababu wanachanganya manukato. Huyu alikuwa wa kwanza niliyemwona akila kwa ugonjwa wake.

Utaratibu ulikuwa hivi. Jora jipya likifika, wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye mkataji, alikata kipande cha ukubwa wa kiganja. Mkono alikifunga upande wa ndani wa kiwiko, chini ya mkono wa gauni, akaendelea na kazi zake. Ikifika saa ya chakula cha mchana, wifi aliuliza, "Umesema?" Mkono wenyewe ukiwa umesema, yaani ngozi imewaka na kuwasha, jora lilirudi lilikotoka. Ukiwa umenyamaza, wifi alichora mstari wa chaki nyeupe kwenye ncha ya jora na mkasi ukaanza kutembea. Kitambaa hakikufuliwa. Kina mama walipenda ule mng'ao wa kitu kipya, na walikuwa wakiambiana, "Mkono umepitisha," basi yakaisha.

Mkono ulijua kwa sababu mwenyewe alikuwa na pumu ya ngozi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Shingo, viwiko na nyuma ya magoti vilikuwa vimekomaa kama gamba kwa kukunwa. Alilala amevaa soksi mikononi na bado shuka liliamka na madoa ya damu. Alikuwa amepaka kila kipakwacho na kumeza kila kimezwacho. Mumewe, msoma mita za maji mstaafu, alikuwa akiniambia kwamba hawezi tena kupata usingizi bila ule mlio. *Krr, krr, krr.* Nilipanga chumba juu ya duka lao kwa miezi kadhaa, na wiki ya kwanza nilitega mtego wa panya. Nilipomweleza mzee, alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Panya huyo nimemuoa mimi," alisema.

Kisha daktari wa ngozi wa hospitali kuu akamwanzishia sindano za aina mpya. Hazikuwa sindano za kuua vijidudu, maana hakukuwa na kijidudu cha kuua. Mwili wake wenyewe ndio uliokuwa ukitumiana habari za uongo kwamba umevamiwa, na dawa hii, inayotengenezwa kwa chembe hai, ilikuwa ikienda kusimama mlangoni pa zile habari na kuzizuia zisipite. Muuguzi aliyemfundisha kuichoma alilisema kwa kifupi zaidi, na Mkono akalirudia nyumbani neno kwa neno: "Haiuui ugonjwa. Inaulaza."

Siku ya kwanza alichomwa mbili pale pale hospitali. Baada ya hapo ikawa moja kila wiki mbili, nyumbani. Mabomba yalikaa kwenye friji, rafu ya juu, jirani na maziwa. Siku ya sindano moja ilitolewa na kuwekwa mezani dakika arobaini na tano, iishiwe ubaridi yenyewe. Huruhusiwi kuipasha moto wala kuitikisa. Mchomaji alikuwa wifi, kwa sababu mzee akiona sindano huwa anakumbuka ana shughuli nje.

"Tulia wewe. Nimesubiri miaka thelathini kumchoma mke wa kaka yangu kihalali."

"Choma taratibu basi, wifi. Hilo paja, si kitambaa cha jinzi."

"Lingekuwa jinzi ningeshamaliza."

Wiki ya tatu mwasho ulipungua. Wiki ya sita ukaondoka. Ngozi ya shingo ikaanza kulainika, na soksi za mikononi zikarudi miguuni. Nilitegemea kumkuta anaimba. Nilimkuta amekaa mbele ya cherehani, mguu juu ya kanyagio bila kukanyaga, kichwa kimeinama kama anayesikiliza mtu chumba cha pili.

"Umewahi kukaa na mpangaji mkorofi?" aliniuliza. "Miaka kumi na tisa anakugongea ukuta. Siku moja unaamka, kimya. Unakwenda, unakuta chumba kitupu, mlango wazi. Hakuaga." Alijishika kiwiko. "Sasa mtu kama huyo ameenda wapi?"

Nikamwambia kwamba muuguzi alisema ugonjwa umelala.

"Kitu kilicholala kina mahali kimelala," alijibu, akakanyaga mashine.

Kazi iliendelea kama kawaida. Majora yalikuja, kipande kikafungwa kiwikoni, saa ya mchana ikafika. "Umesema?" "Umenyamaza." Chaki ikachorwa. Jora moja la rangi ya maziwa lilikuwa zuri kupita yote, laini, halikunjiki hata ukilifinya ngumini. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza, kwa hiyo fulana za mwanzo zilikuwa zake. Wifi alijishonea blauzi. Vipande vya pembeni vikawa foronya ya mto wa mzee, na fulana zilizofuata zikauzwa kwa wateja.

Siku chache baadaye, adhuhuri, nikiwa juu naandika, niliusikia. *Krr, krr, krr.* Ulipanda kupitia mbao za sakafu, taratibu, mahali pale pale pa zamani. Nikafikiri dawa imeshindwa. Kisha nikakumbuka kwamba dakika tano zilizopita nilikuwa nimemwona Mkono dirishani, akivuka barabara kwenda kununua vifungo.

Nilishuka. Duka lilikuwa tupu na cherehani imefunikwa. Chumba cha nyuma mzee alikuwa amesinzia kitandani, kalala ubavu, na vidole vyake vilikuwa vikikuna shavu la kulia, bila haraka, kwa mwendo ule ule wa mkewe. Mkewe alikuwa akikuna mara tatu, anapumzika, tena mara tatu. Mzee naye alihesabu hivyo hivyo usingizini.

Kesho yake ikawa zamu ya wifi. Alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia, mkasi mkono mmoja, mkono mwingine shingoni. Mkono alimtazama kwa muda mrefu.

"Unafanya nini?"

"Nafanya nini? Najikuna. Kwani kujikuna ni haki yako peke yako?"

Mkono hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amehisi nywele zikimsimama, kwa sababu wifi alikuwa akijikuna kwa mgongo wa kucha, siyo ncha. Hiyo ilikuwa mbinu yake yeye, aliyojifundisha mwaka wa nne ili asijichane. Hakuwahi kumfundisha mtu.

Tangu hapo alikuwa akikaa mbali nao. Akiingia chumba alichokuwemo mzee, mzee anajikuna. Aliacha kumshika mumewe mkono. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei tu, kama katika nchi nilizopita nimewahi kusikia ugonjwa uliofukuzwa kwa mtu mmoja ukatafuta mwenyeji mwingine. Nilimwambia pumu ya ngozi haiambukizi.

"Sikuuliza kama inaambukiza," alisema. "Nimeuliza kama inahama."

Siku ya sindano ya sita ilikuwa Jumamosi, asubuhi yenye jua. Wifi alitoa bomba kwenye friji, akaliweka juu ya kitambaa safi mezani, akatazama saa ya ukutani. Mzee akakumbuka kwamba ana shughuli nje. Kabla hajafika mlangoni, binti yao aliingia akiwa amembeba mtoto, macho yamemvimba.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Baba. Shangazi, shikamoo." Hakungoja waitikie. "Mtoto halali. Siku ya nne hii. Sikilizeni."

Tukasikiliza. Mtoto wa wiki tano hajui kujikuna. Mikono yake haijui iko wapi. Lakini ngumi ndogo ilikuwa ikisugua kifua cha fulana, juu chini, juu chini, na kucha laini zilipopita kwenye kitambaa zilitoa mlio mwembamba kama wa karatasi. Mara tatu. Akapumzika. Mara tatu.

Mkono alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji.

"Mtoe hapa," alisema. "Mpeleke mbali na mimi."

"Mama, nimpeleke wapi? Nimemleta kwako kwa sababu wewe ndiye unayejua." Sauti ya binti ilikatika. "Nimekua nakusikia ukijikuna nyuma ya ukuta wa chumba changu. Najua unavyokuwa. Sitaki awe hivyo. Kama ni wako, Mama... kama ni ule wako, basi uite urudi."

Hakuna aliyecheka, hata wifi. Saa ya ukutani ilikuwa imekula dakika kumi na mbili.

"Sichomi leo," alisema Mkono.

"Wifi, usianze."

"Sichomi. Leo wala siku nyingine. Nikiacha, utarudi. Njia ya kwangu unaijua." Alikunja mkono wa gauni, akauweka mkono wake mtupu mezani, kiwiko juu, kama mtu anayemwekea mgeni kiti. "Miaka kumi na tisa niliuweza. Huyu hataweza."

Mzee alikuwa bado karibu na mlango. Alirudi, akakaa karibu na mkewe, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiitazama sindano bila kugeuza uso. "Muuguzi alisema usikatize bila kumuuliza daktari," alisema.

"Muuguzi hana mjukuu humu ndani."

"Basi angalau mtazame mtoto kwanza. Hujamtazama. Umekimbia tu."

Hilo lilikuwa kweli, na likamuuma. Akamwambia binti amvue mtoto, amlaze mezani, upande wa dirisha. Alisogea hatua moja, kisha nyingine, mikono ameifunga nyuma asije akamgusa.

Kifua cha mtoto kilikuwa chekundu, chenye vipele kama chenga za mchele. Mabega mekundu. Mkono aliinama. Nilimwona uso ukibadilika polepole, hofu ikitoka na kitu kingine kikiingia. Ulikuwa ule uso wake wa kazini.

"Mgeuze," alisema.

Mgongo ulikuwa mwekundu mpaka kiunoni, ukaishia hapo, ghafla, kwa mstari ulionyooka. Chini ya mstari, ngozi safi. Kwenye mikono wekundu uliishia vidole vitatu juu ya kiwiko, pande zote mbili sawasawa. Shingoni ulikuwa na duara.

"Una pindo," alisema Mkono. "Upele huu una pindo. Una mikono mifupi, una shingo ya duara." Alikuwa akiufuata kwa kidole hewani, bila kugusa. "Wangu haujawahi kuwa hivi. Wangu ulikuwa unakwenda unakotaka. Huu umekatwa. Huu mimi ndiye niliyeushona."

Alimgeukia mumewe. "Mzee, unajikuna shavu gani?"

"La kulia."

"Unalalia lipi?"

Mzee aligusa shavu lile lile la kulia. Wifi alikuwa tayari ameshika kola ya blauzi yake ya rangi ya maziwa kwa vidole viwili, kama anayemshika nyoka mkiani.

Jora lilikuwa bado limesimama kwenye kona, mstari mweupe wa chaki kwenye ncha yake. Mkono alilinusa, akalifinya. Halikukunjika. Alimpigia simu mwenye duka la vitambaa, akamuuliza kitambaa hiki kimewekewa nini. Tuliisikia sauti ya yule bwana ikijibu kwa fahari: dawa ya kuzuia mikunjo, Mama, mpya, hakihitaji pasi, kifue tu vizuri kabla ya kukivalisha. Kwani hamfui?

Alikata simu. Kila mtu alikuwa akiutazama ule mkono wa kushoto, uliolala mezani, ngozi laini, isiyo na alama hata moja. Jora lile lilikuwa limefungwa kwenye kiwiko kile asubuhi nzima na kiwiko hakikusema neno, na wao wote, yeye mwenyewe akiwemo, walikuwa wameuamini ukimya wa mkono uliolazwa na dawa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," wifi alisema hatimaye. "Na foronyani mwako, kaka."

Binti alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Mtoto, akiwa mtupu juani, alikuwa amekwisha kulala.

Dakika ya arobaini na tano ilipofika Mkono mwenyewe ndiye aliyelifuata bomba. Alivuta gauni, akafinya nyama ya paja, akafumba macho. Wifi alichoma taratibu safari hii, akahesabu kwa sauti mpaka dawa ikaisha, akatumbukiza bomba kwenye kopo gumu la sindano zilizotumika. Jioni ile wifi alipita kwa kila mama aliyenunua fulana za rangi ya maziwa akawaomba wazirudishe. Binti alimpeleka mtoto kliniki, akapewa mafuta ya kupaka, na ndani ya wiki mbili pindo lile lilikuwa limefifia lote.

Sasa dukani kuna masufuria mawili makubwa, na kila jora linafuliwa mara mbili kwa maji ya moto kabla mkasi haujaligusa. Mng'ao umepotea. Wateja wengine wamepotea nao. Kipande cha kiganja bado kinafungwa kiwikoni, lakini saa ya mchana hakuna anayeuliza kitu.

Siku ya kuondoka kwangu niliteremka kuwaaga. Mkono alikuwa ananisimulia jinsi mtoto alivyoanza kucheka, uso mchangamfu, macho dirishani. Chini, juu ya mbao za meza, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukikuna. *Krr, krr, krr.* Ukapumzika. *Krr, krr, krr.* Mbao zilikuwa na mifereji mitatu iliyokwisha kuzama. Mwenyewe hakuwa na habari.

Nilifungua mdomo nimwambie. Mzee aliniwahi. Aliuweka mkono wake juu ya ule wa mkewe, polepole, mpaka ukatulia, na alipoinuka kunisindikiza mlangoni alininong'oneza sikioni.

"Acha tu," alisema. "Usiuamshe."