Miguu Isiyouma

Wifi yake fundi cherehani aliuza vidonge vya kusukuma damu. Ushahidi wake ulikuwa fundi huyo, mjane wa kaka yake, mwenye kisukari, aliyehifadhiwa nyumbani kwake. Kila mteja aliletwa mpaka kwenye cherehani.

"Waambie, wifi. Miguu si ilikuwa inawaka moto?"

"Ilikuwa inawaka," fundi alijibu kama kasuku. Angekataa, angelala wapi?

Leo aliinama kuokota kitambaa, akaona damu kwenye pedali. Pini ilikuwa imezama yote unyayoni, naye hakusikia kitu. Mara wifi akaingia na bibi mwenye mkongojo.

"Mwambie bibi, wifi. Bado inauma?"

Fundi akavuta gauni alilokuwa akilishona, akafunika mguu.

"Haiumi hata kidogo," akasema, na hapo hakudanganya.