Mwezi Uliosafishwa

Kaka yangu wanamwita Kidevu, kwa sababu kutwa nzima neno lake ni hilo: inua kidevu, shusha kidevu, geuza kidevu. Anapiga picha za vitambulisho katika studio moja ya barabarani, na mimi nakaa mbele, napokea wateja. Kazi ni halali, sikatai. Ila inatia kinyaa, na anayebisha hajawahi kunusa koti letu.

Koti ni moja, jeusi, la kila mteja aliyekuja bila suti. Tai nayo ni moja, imeshafungwa, mtu anaingiza kichwa tu kama mbuzi. Kola ina utando wa jasho la mji mzima, wema kwa wabaya. Chanuo ni hilo hilo kwa wote. Kila jioni Kidevu hulisugua kwa mswaki mkuukuu, midomo ameikunja, kisha hunawa mikono mpaka viwiko.

Lakini jasho si kitu mbele ya Sabuni. Huyo ndiye kijana wetu wa kompyuta, na jina kalipata kazini: hakuna sura inayotoka pale bila kupita kwake. Anatoa chunusi, anatoa makovu, anang'arisha ngozi, mpaka mtu anafanana na yai lililomenywa. Utaratibu aliuweka Tajiri, mwenye studio. Kadi ya kamera ikiwekwa kwenye sahani ya bati mezani, Sabuni anahamisha picha, anazisafisha, anazihifadhi juu ya zile za asili, za asili zinafutika, ili kompyuta isijae, halafu anaifuta kadi iende kazi nyingine. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi vibaya vyetu tulivitembeza mpaka kwenye vitambulisho.

Kidevu aliuchukia mtindo huo kwa miaka yote, na miaka yote alinyamaza.

Basi redio ikatangaza kwamba mwezi utapatwa. Mama yetu, mgonjwa wa moyo, alikuwa kitandani tangu alipovunjika nyonga, na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, ukuta wenye ukungu na maji machafu yanayochuruzika. Akamwita Kidevu.

"Mwanangu, mimi nitautazama ukuta. Niletee picha. Lakini iwe ya kweli, si kama ya kitambulisho changu, mliponitoa makunyanzi nikafanana na mjukuu wangu."

"Nitakuletea, mama. Hakuna mkono utakaoigusa."

Jioni ya kupatwa mimi na Kidevu tulipanda juu ya paa la studio, tukikanyaga mavi ya njiwa yaliyolowana kwa maji ya tangi. Harufu ilikaba koo. Mwezi ulichomoza nyuma ya majengo ukiwa tayari umemegwa upande. Kidevu alifunga kamera kwenye stendi, akaning'iniza mfuko wa mchanga chini yake isitikisike, akaitega ijibonyeze yenyewe. Kwenye mapaa ya jirani watu walikuwa wanaumulika mwezi kwa flashi za simu, utadhani wanataka utabasamu. Wajinga watupu.

Kivuli kilipoumeza wote, ukawa na rangi ya kutu, umekolea zaidi upande mmoja. Na kwa mara ya kwanza niliuona ni mviringo kama chungwa, si bamba lililobandikwa juu. Nilisahau hata njiwa. Kidevu alikuwa anacheka peke yake nyuma ya kamera.

"Huu mama ataushika mkononi," alisema.

Asubuhi tukavamiwa na kundi la wanafunzi wa kupigwa picha za vitambulisho. Kelele, koti linapita mgongo hadi mgongo, na mimi nachambua foleni. Kidevu akachomoa kadi ya jana ili aweke nyingine, na mkono, kwa mazoea yake ya miaka, ukaitupia kwenye sahani ya bati. Alipokumbuka, Sabuni alikuwa ameshamaliza.

Kwenye kioo cha kompyuta ulikaa mwezi mweupe pe, laini, hauna hata yale madoa yake ya kuzaliwa.

"Ulikuwa mwekundu, kaka, halafu una giza," Sabuni alisema kwa upole. "Nikajua umekosea mwanga. Nikakusitiri kabla Tajiri hajaona."

"Hukusikia kwamba mwezi umepatwa?" Kidevu akauliza.

"Jana? Nilikuwa ndani natazama mpira."

"Na za asili?"

"Si unajua utaratibu."

Ningemzaba kibao, ila macho yake yalikuwa yanangoja shukrani. Tajiri naye akaja, akapiga makofi. "Hii iende dirishani! Chini tuandike: Hapa hata mwezi tunausafisha!" Akaagiza nyingine itiwe kwenye fremu ya dhahabu bandia. "Mpelekee mama, zawadi yangu." Nilimsikia Kidevu kwenye sinki la nyuma akitema mate, akisukutua, akitema tena. Kisha akarudi, akaipokea fremu kwa mikono miwili, akasema ahsante. Dawa za mama zinatoka pale pale.

Mama aliishika fremu karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mbona huu ni ule wa siku zote?"

Kidevu akaanza kupanga chupa za dawa.

"Kwani haukupatwa?"

"Ulipatwa, mama," nikasema. "Ulikuwa mwekundu. Tuliuona."

"Nyinyi mliuona." Akailaza fremu kifuani. "Mwingine lini?"

Kidevu alijua. Alikuwa ameniambia kule juu kwamba mwingine wa kuonekana kwetu mzima namna ile ni baada ya miaka minane, na daktari, kwa moyo ule wa mama, hakutupa hata miwili. Alimfunika miguu, akaivuta shuka ikanyooka, akaivuta tena.

"Mwakani, mama," akasema.

Nikasikia kinyaa, na safari hii sikuwa na wa kumtupia lawama. Mama alikuwa ameshaanza kupanga atakavyopandishwa ngazi za paa.

"Basi mwakani sitaki picha, mtanibeba. Wewe utanishika kwapani, dada yako miguuni. Na twende mapema, nisije nikawachelewesha."