Santuri ya Mjomba na Unga wa Majirani

Ilianza Jumamosi ya kwanza baada ya Jumatano ya Majivu, mwaka 1976, saa kumi kasoro robo alasiri, mjomba alipoweka gramafoni ya betri dirishani, spika ikitazama barabara.

Mjomba ni kaka wa mama. Miaka kumi na minane amepiga gitaa la roki Tabora, mpaka suruali zake za bugaluu zimepauka. Sasa amerekodi santuri ya peke yake: nyimbo nane, gitaa tupu, hakuna ngoma, hakuna mtu wa kuimba. Kwenye jalada amepigwa picha akitupa mgongo. Nilimuuliza kwa nini. "Ni huzuni, binti yangu," akasema.

Mjomba alimwambia mama hivi: "Dada, watu wa kwetu wasipoguswa na hii, gitaa naliacha. Nakwenda Inyonga kulima tumbaku."

Mama aliombea tumbaku. Mimi niliombea gitaa, maana siku zile mjomba alikuwa ameanza kunifundisha, na kuongea na watu siwezi.

Wimbo wa kwanza ulilia kama mbuzi aliyenaswa kamba. Wa pili ukalia kama mama yake huyo mbuzi. Jirani wa ng'ambo ya barabara akaacha kutwanga. Akajifunga khanga kiunoni, akaja na bakuli la unga, akavua ndala mlangoni, akaketi chini bila salamu. Wakafuata wengine, na unga wao, na kuni. Wanaume wakakaa nje, wakawasha moto.

Mjomba, nyuma ya pazia la chumbani, alinibana bega. "Unaona? Tabora walikuwa wananiambia niweke ngoma!"

Nilipopita na maji, jirani akaninong'oneza, "Mwanangu, ni nani? Bibi yenu yule wa Karema?"

 Nikaonyesha gramafoni kwa kidole. "Ni mjomba."

"Uwiii! Mjomba wake jamani!"

Nyumba nzima ikapokea kilio. Ndipo mjomba akatoka, macho mekundu, kwenda kugeuza santuri. Kilio kikakatika.

"Asanteni sana," akawaambia. "Upande wa pili ndio mzito."

Wakakaa mpaka mwisho. Ukikaribishwa matangani na marehemu mwenyewe, utaagaje? Wimbo wa sita mimi nililia kweli, wala si kwa kuigiza.

Baada ya chakula cha usiku, wageni wameshaondoka, mjomba akatangaza: tumbaku hapana, anarekodi nyingine. Mama akatazama dari. Kisha akanivuta jikoni. "Unga wa msiba hauliwi hapa, hakuna aliyekufa. Utaurudisha wewe uliyeua."

Asubuhi, mjomba hajaamka, nikazungusha mabakuli saba nyumba kwa nyumba, mimi ambaye huchungulia mlangoni kwanza nisikutane na mtu. Kila mlango nikasema, "Mjomba hajambo. Naomba asiambiwe."

"Hajambo?" akashangaa jirani wa ng'ambo. "Na lile gitaa?" Akapokea bakuli lake, akachota unga, akanimiminia kwenye khanga. "Nyie mpikieni uji huyo."

Nikampikia. Nilipompelekea nikamwambia wimbo wa sita umenigusa. Hayo mengine sikumwambia.