Nililipaka Rangi Pafu la Mzee wa Kilema

Kosa ni langu. Msinitafutie kisingizio, na pole zenu kaeni nazo, nusu yake ni za kinafiki.

Kazi yangu ni picha za mapafu, hapa Moshi. Nilisomea nje nikarudi na majivuno yasiyo na mfano. Mgonjwa analala ndani ya mashine ya MRI, anapumua, mashine inampiga picha mfululizo. Sasa pafu halitulii, linapanda na kushuka. Kwa hiyo mimi huzichukua zile picha na kuzilinganisha kwenye kompyuta, kila sehemu ya pafu ikae palepale ilipokuwa kwenye picha iliyotangulia. Hapo ndipo tunaona hewa inafika wapi na wapi haifiki. Kazi ya maana kabisa! Nami niliifanya kwa dharau.

Niliwadharau wagonjwa, hasa wanaotoka migombani. Unamwambia vuta pumzi taratibu, yeye anahema kama amefukuzwa na nyuki. "Hawa hata kupumua wafundishwe!" nilikuwa nikisema, kisha nacheka mwenyewe. Mjinga mkubwa!

Nilikuwa na mchumba, nimwite Deo. Baba yake, mzee wa kahawa na ndizi kule Kilema, alikuwa na kikohozi kisichoisha, akawa anachoka hata kufika shambani kwake. Nikajitia kimbelembele: "Mleteni kwangu, mimi ndiye mtaalamu."

Akaja amevaa koti lake la kanisani. Nikampa shikamoo ya kulipua huku naangalia simu. Akaitikia vizuri tu, akauliza, "Nikitaka kukohoa mle ndani, nifanyeje?"

"Usikohoe, baba. Utaniharibia picha."

Jamani! Mtu kaletwa na kikohozi!

Akakohoa, bila shaka. Nilipokaa kwenye kompyuta nikaona sehemu ya chini ya pafu la kulia ina giza, kama hewa haifiki. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasonya. Nikasema mzee katikisika tu. Nikazitupa picha zilizonikera, nikaiamuru programu izivute zilizobaki zilingane kwa nguvu zaidi, nikalainisha, nikavuta tena, mpaka lile giza likafutika. Pafu likatoka linang'aa rangi moja, zuri kama kitenge kipya!

Hilo ndilo nikampelekea daktari. Kwa kuniamini, akampa mzee dawa za kikohozi akamrudisha Kilema. Mkuu wetu wa kitengo akaipeleka ileile picha kuwaonyesha wageni, watu wazima na suti zao wakaupigia makofi uongo. Wapuuzi! Na mimi, mpuuzi wao mkuu, nikainamisha kichwa kupokea pongezi.

Masika yalipokatika mzee akaletwa amebebwa, homa kali, midomo imebadilika rangi. Kumbe kulikuwa na uvimbe ndani ya njia ya hewa. Ulikuwa umeiziba, na chini yake pafu limejaa usaha. Wakampasua, ile sehemu ikakatwa.

Daktari akatuita, mimi, Deo na mama yake. Akaniuliza ilikuwaje picha yangu ikatoka safi.

Hapo ningesema tu, nilikosea. Neno moja! Badala yake nikabinua mdomo: "Tatizo ni mzee mwenyewe. Hakufuata maelekezo. Hajui hata kupumua."

Mama Deo aliniangalia, akamgeukia daktari.

Daktari akafungua picha za mwanzo, zile ambazo sikuwa nimezigusa. "Kifua ni kimoja na pumzi ni ileile," akasema. "Kama alipumua vibaya, mbona pafu la kushoto lina hewa tele? Giza liko kulia tu."

Nikainuka, nikatoka.

Deo akanifuata nje ya mlango. "Kosa ningelibeba na wewe," akasema. "Lakini umemtukana baba yangu ana mirija kifuani." Uchumba ukafia palepale. Kazini nikaondolewa kwenye picha za wagonjwa. Siku hizi narekebisha kompyuta za ofisi, na yule mkuu aliyenisifu tukipishana anajifanya anasoma ukuta.

Mzee alipopata nafuu nikapanda Kilema na shangazi yangu, nimeshika jani la isale, lile ambalo Mchaga akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Akalipokea kwa mikono miwili. "Yameisha," akasema, akapumzika kidogo, "yameisha, mama." Mkewe akanifungashia ndizi kwa adabu zote, kama anavyofungashiwa mgeni ambaye hatarudi tena. Nilitamani anizabe kofi!

Haya, ninyi mnaoshika kazi za wagonjwa, hasa vijana mnaorudi na vyeti mkidhani watu wa kwenu ni mapoyoyo, nisikilizeni. Kitu kikiwakera kwenye picha msikifute. Mwiteni daktari akione. Mwacheni mgonjwa akohoe amalize, mrudisheni ndani, mpigeni upya. Si kazi kubwa, mimi niliona uvivu tu na kujiona. Leo mzee wa watu anatoka nyumbani kwenda kwenye kahawa yake, anasimama njiani ameshika mgomba, anatafuta pumzi. Hiyo pumzi nilimwibia mimi, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka.