Hamsini na Nane ya Fizikia

Mwalimu wa fizikia alikadiria kwamba mtihani wa mwisho nitapata hamsini na nane kwa mia. Majaribio yangu yote ya mwaka ule yalikuwa juu ya sabini, karatasi ninazo, lakini yeye akasema kwa uzoefu wake wasichana hulegea mtihani wa mwisho ukifika. Uzoefu, mxii! Chuo kikuu kilitaka sabini kwa uhandisi, na kilikuwa kinaangalia makadirio hayo hayo. Nikaomba yapitiwe upya. Shule ikasema sawa, mzazi aje kabla ya Ijumaa, siku maombi ya chuo yanapofungwa.

Papa, baba yangu, alikuwa mwalimu kule Lubumbashi. Hapa Johannesburg analinda geti la karakana moja Jeppestown. Nilimwambia tu kwamba mwalimu amenionea. Akaitikia, "Ndiyo, mama, tutaenda."

Alikuja na suti yake ya kanisani. Mwalimu akamsogezea karatasi ya alama. Papa akaisoma, uso ukamng'aa. Kwenye shule alizosoma na kufundisha, hamsini ni kufaulu, sitini unapigiwa makofi, na sabini hakumbuki kumpa mtoto yeyote.

"Hamsini na nane?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Sasa amekuonea wapi?"

"Papa, hapa si kama kule. Hapa hiyo hainifikishi popote!"

"Usimvunjie mwalimu heshima."

Nikatoa majaribio yangu kwenye begi. Akayasukuma pembeni bila kuyatazama. Kisha, kwa Kiingereza chake cha getini, akamshukuru mwalimu, akamwomba radhi kwa ajili yangu, akatia sahihi mahali pa kukubali. Mwalimu alinitazama akitabasamu. Nilimchukia, lakini Papa nilimchukia zaidi, niseme tu ukweli.

Chuo kikuu kikanikataa. Mtihani wa mwisho nikapata sabini na tisa. Papa alizunguka nyumba yetu ya Bellevue akigonga chumba kwa chumba, akiwaonyesha wapangaji wenzetu simu yake: "Sabini na tisa! Mmeshaona wapi?" Mama mmoja wa Tanga akapiga vigelegele. Papa akarudi jasho likimtoka.

"Sasa watakuchukua, eh?"

"Nafasi zilishajaa, Papa. Waliangalia ile uliyotia sahihi."

Ningeweza kulisema taratibu. Sikutaka. Nilitaka limuume. Akakaa kitandani, simu mkononi. Mpaka leo haniulizi tena habari za masomo. Huniuliza kama nimekula.