Kiungo Kisichong'aa

Kutoka Kigoma nilipanda treni hadi Dodoma, nikadandia lori la vitunguu lililopita Singida, na nilipoteremka Daraja Mbili, Arusha, nilikuwa na vumbi la njia nzima kichwani. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, redio za mawasiliano za magari zilimiminika mjini, na karakana zilitafuta vijana waliomaliza sekondari.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mkuu wa karakana, Mchaga mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Marahaba. Kigoma redio zimekwisha, umekuja kuharibu zetu?"

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kazi ilikuwa kulehemu, yaani kuyeyusha waya wa bati ushike shaba. Lehemu ya zamani ilichanganywa na madini ya risasi, na kiungo kizuri kiling'aa. Kilichofifia tulikihesabu kibovu, tukakichoma upya. Kisha zikaja redio zilizolehemiwa bila risasi.

Moja ilikuwa ya gari la zahanati ya mlimani, juu ya kijiji cha Akheri. Gari likipita kwenye mashimo, redio ilikuwa inakufa. Niliitengeneza, ikarudi. Nikaitengeneza tena, ikarudi.

"Jana nilibeba mama mwenye uchungu," alisema dereva. "Naita hospitali, kimya. Amejifungua salama, lakini Mungu hatanishikia zamu kila siku."

Mkuu alinigeukia. "Ikirudi tena, na wewe urudi Kigoma."

Hata hivyo alivuta kiti, akakaa nami. Kwa kibano alivuta kiungo nilichokichoma mara kwa mara. Kikakatika. Akavuta cha kiwandani, kilichofifia vilevile. Hakikusogea.

"Hiki hakijaguswa, na haking'ai," alisema taratibu. "Lehemu hii ndivyo ilivyo. Kumbe tunamtibu mzima mpaka anakufa."

Bati na shaba vikikutana motoni, alinieleza, kati yao huzaliwa tabaka jembamba, si bati wala si shaba. Bila hilo hakuna kinachoshika. Ila ni gumu, halipindiki. Kila moto hulinenepesha, na likinenepa huvunjika kama kigae gari likitikisika.

Nilikwangua shaba mahali papya, nikagusa kwa pasi ya kulehemu na bati, nikavuta pumzi moja, nikaondoa. Kiungo kikatoka rangi ya majivu. Mkono uliniwasha kukirudia. Kibarua changu chote kilikuwa juu ya nukta ile.

"Weka pasi chini," alisema mkuu.

Mchana dereva alipanda mlima. Tulikaa mbele ya redio ya karakana mpaka ikakwaruza: "Nimepita Akheri, niko kwenye mawe. Yule wa Kigoma bado yupo?"

Nilikuwapo, na nikawapo miaka mingi. Sasa pasi nimeiweka chini, na ninyi vijana mnaoanza kazi hii mna vyombo vizuri kuliko vyetu. Nafurahi.

Asubuhi niliyoiacha karakana kabisa, miguu ikitamani barabara nyingine, Mlima Meru ulikuwa wazi hadi kileleni.

"Redio ya Akheri haijarudi mpaka leo," alisema mkuu. "Wewe unakwenda wapi?"

"Nikikaa zaidi nitanenepa, mzee, nivunjike."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, nenda. Huko uendako, ukiona kilichofifia, kivute kwanza."